Bakshishi ya meli: nimelipa mara mbili, nidai kwa nani?

Kutoka kwa: Baba Rukia, Houston

Assalaam aleikum, na habari za wiki ndugu zangu.

Nina jambo limenikaa kooni. Mama amekuja huku kutoka Mombasa kwa viza ya matembezi (B1/B2) na kila siku analalamika kwamba Houston haina upepo. Tukaona tumpeleke baharini. Tulipanda meli Galveston, siku saba: Costa Maya, Roatán, Cozumel. Tulikuwa watano, vyumba viwili. Wakala alituuzia tiketi pamoja na bakshishi, na risiti ninayo, imeandikwa PPG (bakshishi iliyolipwa kabla) dola 560, yaani dola 16 kwa kichwa kwa siku. Asubuhi ya kushuka nakuta bili mlangoni, na ndani yake 560 nyingine.

Saa moja asubuhi niko dawati la wageni, foleni imefika kwenye ngazi. Binti wa watu ananiambia kwake malipo ya wakala hayaonekani, nikamalizane naye nchi kavu. Wakala anasema pesa alishapeleka, nidai melini. Ofisi ya kampuni nimepiga simu mara nne, na kila mara naanza hadithi upya.

Swali langu ni moja tu. Aliyewahi kukatwa mara mbili alimwandikia nani kwanza: wakala, kampuni au benki? Na benki wanataka karatasi gani?

Kutoka kwa: Mama Neema, Dallas

Pole sana Baba Rukia. Sisi yalitukuta kwenye vinywaji. Mtoto akiagiza juisi ya nanasi, juu yake wameshaweka asilimia 18, halafu karatasi ya kutia sahihi ina mstari mtupu wa kuongeza. Mume wangu aliujaza siku tatu mfululizo akidhani asipojaza mhudumu hapati kitu.

Mimi nashauri hivi: siku ya pili tu nendeni dawatini, waambieni waitoe bakshishi yote kwenye akaunti ya chumba. Meli nyingi wanaitoa. Kisha mpe mhudumu wako mkononi. Bakshishi naitoa kwa mtu niliyemwona uso.

Kutoka kwa: Baharia, Tampa

Mama Neema, kwa heshima zote, usiwafundishe watu hivyo. Nimefanya kazi za vyumba melini miaka tisa kwa viza ya mabaharia (C1/D), naongea nililoliona.

Ile dola 16 si ya mtu mmoja. Anagawiwa wa chumba, wa meza, msaidizi wake, na kwenye meli yangu hata vijana wa dobi ambao abiria hamwaoni safari nzima. Ukiitoa, dobi hapati. Na wa chumba uliyempa mkononi naye ana shida yake: kwetu orodha ya vyumba vilivyotoa bakshishi ilikuwa inachapishwa, na ukipewa noti na chumba kilichomo humo unaipeleka kwenye kapu la wote. Ukificha, kazi huna.

Mkataba wangu ulikuwa miezi minane bila siku ya mapumziko. MLC, ule mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia, inaruhusu saa 72 za kazi kwa wiki, na mimi saa 72 nilizijua vizuri. Msingi wa mshahara ulikuwa mdogo mno, bakshishi ndiyo iliyosomesha wadogo zangu. Na kabla ya hapo wakala wa ajira Mombasa alishanila shilingi 80,000. Vijana wenu wanaoomba kazi hizi waambieni: MLC 2006 inakataza baharia kutozwa ada ya kupewa kazi. Analipia pasipoti, cheti cha afya na kitabu cha baharia, basi. Hata viza ni juu ya mwenye meli.

Kutoka kwa: Mwalimu, Leicester

Ndiyo maana huku Uingereza tumeachana na mambo hayo. P&O Cruises waliondoa makato ya kila siku mwaka 2019, bei ni moja. Na tangu Oktoba 2024 kuna sheria, mwajiri hana ruhusa kubakiza hata senti ya takrima ya wafanyakazi. Marekani nao waige.

Kutoka kwa: Baharia, Tampa

Mwalimu, sheria hiyo ni ya wanaofanya kazi kwenye ardhi yenu. Meli ya bendera ya Bahamas inayozunguka Karibi haiihusu. Tusichanganye watu.

Kutoka kwa: Kaka wa Minneapolis

Na tafadhali Mwalimu, usiiite takrima. Sisi wa Tanzania neno hilo lina kovu. Lilitiwa kwenye sheria ya uchaguzi mwaka 2000 ili mgombea agawe vitenge na pilau na isiitwe rushwa, mpaka Mahakama Kuu ikalifuta 2006. Nilikuwa kijana, nimeona kura ya mama mdogo ikiondoka kwa kilo mbili za sukari. Bakshishi unatoa kazi ikishafanyika. Ile inatolewa kabla, na mtoaji ana lake moyoni.

Baba Rukia, ulilipa kwa kadi ya mkopo au debiti? Kama ni ya mkopo, una siku 60 tangu taarifa ya kwanza ya kadi yenye kato hilo kutoka, na uandike barua, simu haihesabiki. Kama ni debiti ni njia nyingine.

Kutoka kwa: Mama Neema, Dallas

Baharia nimekusikia. Ila basi waiandike kwenye bei ya tiketi tujue moja. Ikiitwa bakshishi, mtu anajua ni hiari yake.

Kutoka kwa: Baba Rukia, Houston

Ndugu zangu, sikuuliza kama bakshishi itolewe au isitolewe. Nimeshaitoa, na mara mbili. Kadi ni debiti.

Na kwa kuwa mmeyafungua, niwaambie. Kijana wa chumba cha mama alikuwa wa Likoni. Siku ya kwanza mama alimwita mjukuu, “Rukia, hebu njoo huku,” yule kijana kule kwenye kordo akasimama na taulo mikononi, akasema “Shikamoo mama, mwatoka wapi?” Mama akakaa kitandani akalia. Tangu hapo kila jioni kijana alikunja taulo kwa namna ya mnyama akaiweka juu ya mto, na mama akimngojea mlangoni, wanatajiana majina ya watu wa feri. Mama alikuwa amebeba chupa ya achari ya ndimu kwenye mkoba, hali chakula bila achari. Usiku wa mwisho akampa pamoja na noti ya dola 20. Kijana alifuta mikono kwenye suruali, akaipokea ile chupa kwa mikono miwili, akaifungua hapo hapo akanusa.

Baharia, hizi 560 za pili kama zimemfika yule kijana na wenzake, wallahi sidai, nimesamehe. Je, kuna namna ya kujua?

Kutoka kwa: Baharia, Tampa

Hakuna ndugu yangu. Sisi wenyewe tulikuwa tunaona jumla tu kwenye karatasi ya mshahara. Umenikumbusha mbali. Mara moja mkataba wangu ulipitia Mombasa, meli ikafunga Kilindini tangu asubuhi hadi jioni, na zamu yangu ikaangukia mchana. Nilisikia adhana ya mji wangu nikiwa natandika vitanda.

Kutoka kwa: Baba Rukia, Houston

Allah akulipe kwa subira hiyo. Basi anayejua habari za debiti aniandikie, taarifa ya benki imetoka wiki ya tatu sasa.

Kutoka kwa: Mama Salma, Columbus

Baba Rukia, samahani nimechelewa kuisoma. Mama anarudi lini Mombasa, na anapitia Doha au Istanbul? Nina dawa za sukari za mama yangu pale Kisauni, hazizidi kilo mbili.