Naomba ushauri: mzee alipata kiharusi kilichoanzia kwenye moyo, sasa anaficha dawa

Wakuu, habari zenu. Mzee wangu ana miaka 68. Mwezi wa tatu mdomo ulipinda, mkono wa kulia ukalegea. Tukadhani tatizo liko kichwani tu, kumbe chanzo ni moyo. Daktari alitueleza kuwa mapigo yake hayana mpangilio, hivyo damu inatuama kwenye chumba cha juu cha moyo, inaganda, kisha bonge linapanda hadi kwenye ubongo. Hali hiyo huongeza hatari ya kiharusi takribani mara 5.

Akaanzishiwa wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, na INR (kipimo cha muda damu inaochukua kuganda) iwe kati ya 2 na 3. Mkono umerudi vizuri, lakini mzee mwenyewe hajarudi: hasemi na mtu, usiku halali, na vidonge anaficha chini ya godoro (mama alivikuta akitandika). Naambiwa sonona huwapata karibu theluthi moja ya waliopata kiharusi, nayo huuumiza moyo upya.

Mliowahi kuuguza mgonjwa wa namna hii, mlimshawishije? Tuanzie kwa daktari wa moyo au wa afya ya akili? Na matembele, anayoyapenda kuliko nyama lakini yana vitamini K inayopunguza nguvu ya wafarini, tumkatie kabisa au ale kiasi kilekile kila siku?