Tupeane uzoefu: tiketi ipi inaweza kushinda urais wa Marekani 2028, na wewe umeona nini kwenye jimbo lako?

Mwanzisha uzi, Houston

Wadau wa ughaibuni na wa nyumbani, habari za kazi. Mijadala ya 2028 imeshaanza kila kona, na mingi inaishia kwenye fulani nampenda, fulani simpendi. Naomba huu uwe uzi wa watu walioziona chaguzi hizi kwa macho yao. Kama umepiga kura Marekani, umegonga milango ya watu, au unafanya kazi na wenyeji wa jimbo lenye ushindani, tueleze kwanza ulichokisikia. Ukishamaliza, taja tiketi yako: mgombea na mgombea mwenza.

Naanza na hesabu, maana bila hesabu tutabishana bure. Rais huchaguliwa kwa kura za wajumbe: kila jimbo lina idadi yake, na karibu kote mshindi wa jimbo huzichukua zote. Jumla ni 538, anayefikisha 270 ndiye rais. Mwaka 2024 Trump na Vance walipata 312, Harris na Walz wakapata 226. Chukua hizo 226 za Democratic, ongeza Pennsylvania 19, Michigan 15 na Wisconsin 10: unapata 270 kamili, haizidi hata moja. Upande wa pili, waondolee Republican majimbo yote saba yaliyokuwa na ushindani (hayo matatu, Georgia, North Carolina, Arizona na Nevada), wanabaki na 219. Warudishie Georgia 16, North Carolina 16 na Pennsylvania 19, nao wanafika 270 kamili. Mgawo huu ndio utakaotumika tena 2028, kwa sababu mgawo mpya unasubiri sensa ya 2030. Mnaona wenyewe Pennsylvania ilivyo kwenye njia zote mbili.

Msimamo wangu ni kwamba mgombea mwenza haleti jimbo lake. Wazee niliofanya nao kazi hapa Texas bado wanaisimulia 1960, Kennedy alivyomchukua Lyndon Johnson na Texas ikawafuata. Ni kweli, na tangu hapo kila mtu anamtafuta Johnson wake. Lakini mwaka 1988 Dukakis, mgombea wa Democratic, alimchukua Lloyd Bentsen, seneta wa hapahapa Texas. Siku hiyohiyo ya uchaguzi Watexas walimrudisha Bentsen kwenye useneta, na kwenye karatasi hiyohiyo wakampa Bush urais. Walimpenda mtu wao, tiketi yake wakaikataa. Paul Ryan, mtu wa Wisconsin, naye hakumletea Romney wa Republican jimbo hilo mwaka 2012. Na Al Gore, aliyekuwa mgombea urais mwenyewe wala si mwenza, alipoteza kwao Tennessee mwaka 2000. Angeipata, zile kura 537 zilizomkosesha Florida zisingemhusu.

Karibuni.

Mchangiaji, Omaha (Nebraska)

Ndugu mwanzisha uzi, kwenye hizo 226 zako kuna kura moja iliyotoka kwetu, na bila hiyo hesabu yote inaharibika.

Nebraska na Maine ndiyo majimbo pekee yanayogawa kura za wajumbe kwa wilaya za bunge. Nebraska nzima ni ya Republican, lakini wilaya ya pili, yenye mji wa Omaha, ilimpa Obama kura moja mwaka 2008, ikampa Biden 2020, ikampa Harris 2024. Ondoa hiyo moja, ile njia ya Pennsylvania, Michigan na Wisconsin inaishia 269 kwa 269. Hapo uchaguzi unahamia Baraza la Wawakilishi, ambako kila jimbo lina kura moja, Wyoming sawa na California.

Kampeni ya 2024 mtaani kwetu ilikuwa ya aina yake. Majirani walichomeka uani vibao vyeupe vyenye duara moja tu la buluu, hakuna jina la mtu wala la chama, na kila apitaye alielewa kuwa ni Omaha, duara la buluu ya Democratic ndani ya jimbo jekundu la Republican. Vingine vilijibu kwa rangi nyekundu. Septemba mwaka ule viongozi wa Republican walitaka sheria ibadilishwe haraka ili mshindi wa jimbo achukue kura zote tano. Kilichowakwamisha ni upungufu wa kura kwenye bunge la jimbo, na aliyesimama hadharani kukataa alikuwa Mike McDonnell, seneta wa jimbo ambaye mwenyewe ni Republican. Mimi nilikuwa nimepata uraia muda si mrefu. Sikuwahi kudhani ningekaa mahali ambapo kura ya mtaa wetu inaweza kugombaniwa na nchi nzima, na siku ya kupiga kura nilipanga foleni nikiwa na moyo uliojaa.

Kwa hiyo mkitaja tiketi, jiulizeni inasikikaje Omaha pia. Watu wa hapa ni wa katikati: bima, hospitali, reli, kanisani Jumapili. Andy Beshear wa Kentucky angesikilizwa hapa. Ameshinda ugavana mara mbili, 2019 na 2023, kwenye jimbo ambalo Trump analishinda kwa mbali. Kama si juu, basi awe mwenza.

Mchangiaji, Des Moines (Iowa)

Jambo wote. Mimi ni mama wa Kikongo, mzaliwa wa Uvira, nikakaa kambi ya Nyarugusu kule Kigoma kabla ya kuletwa huku. Kura yangu ya kwanza maishani kama raia nimepiga hapa Iowa.

Wanangu shuleni walifundishwa kwamba Iowa ndiyo iliyomfungulia Obama mlango kwenye mchujo wa Democratic Januari 2008, na ikampa ushindi 2008 na 2012. Lakini mimi nimeikuta Iowa nyingine. Trump ameshinda hapa 2016, 2020 na 2024, na ile ya mwisho kwa pengo kubwa kuliko zote. Ninafanya kazi kiwanda cha nyama, zamu ya usiku, na kina mama wa Kimexico, Waburma, Wakongo wenzangu, na wazungu wa vijijini. Mwaka ule wote wakati wa chakula tuliongea bei: mayai, kodi ya nyumba, bima ya gari. Jina la mgombea mwenza sikulisikia kwenye meza yetu, la huyu wala la yule. Walz ni wa Minnesota, jirani yetu kabisa, na bado hakuna aliyelitaja.

Mimi siogopi kusema: atakayekuja na jibu la bei na la vibali vya watu wetu ndiye mwenye kushinda, mwenza awe nani. Wakongo wenzangu wanaongojea karatasi hawalali vizuri. Wanasiasa wakilitaja jambo hilo kama mchezo, mimi naumia.

Mchangiaji, Maryland

Hamjambo. Mimi ni Mkenya, na sisi huku DC na Maryland tunaishi kwenye maeneo ambayo matokeo yake yanajulikana mapema, kwa hivyo kila msimu tunavuka mpaka kwenda Pennsylvania kugonga milango. Mwaka 2024 nilikuwa York na vijiji vya karibu.

Harris alimtangaza Walz tarehe 6 Agosti, wiki mbili na ushei tangu Biden ajiondoe tarehe 21 Julai. Mlangoni nilikuwa nikiulizwa, mbona hakumchukua gavana wetu? Josh Shapiro alishinda ugavana 2022 kwa karibu asilimia 15, na watu wa York, hata wale wenye bendera ya Trump kwenye uzio, walimsifu alivyoifungua barabara kuu ya I-95 pale Philadelphia baada ya daraja kuporomoka mwaka 2023. Baada ya siku kumi na mbili tu magari yakapita. Lakini ukiendelea kuzungumza nao, unatambua kitu. Bwana mmoja mzee, fundi wa mabomba mstaafu, aliniambia kwamba gavana anamheshimu, ila anayempigia kura ni yule atakayekaa kwenye kiti. Trump alilichukua jimbo kwa kura takriban 120,000. Sidhani mwenza angeliziba pengo hilo lote.

Tena sisi Wakenya tunalijua hili. Raila mwaka 2022 alimchukua Martha Karua wa Kirinyaga, na Mlima Kenya ukaenda kwa Ruto.

Kwa hivyo tiketi yangu ni Shapiro juu, si chini. Mwenza awe mtu wa Kusini, Seneta Raphael Warnock wa Georgia au Beshear. Shapiro akiwa juu, zile 19 zinakuwa zake mwenyewe za kutetea.

Mchangiaji, dereva wa lori, Atlanta

Salamu wakuu. Naona wote mnaongea upande mmoja, acha niseme wa kwetu. Mimi ni Mtanzania, ninaendesha lori, ninawapigia kura Republican na sioni aibu. Juni 2022 mfumuko wa bei ulifika asilimia 9.1 na dizeli ilipita dola 5 kwa galoni. Mimi namiliki lori langu, ile bei ilitoka mfukoni mwangu. Kuna wenzangu walirudisha malori benki. Watu wengi kwenye vituo vya malori hawajasahau, na hawahitaji tangazo la televisheni kukumbushwa.

Tiketi yangu ni Vance na Rubio. Trump haruhusiwi kugombea tena kwa Marekebisho ya 22 ya Katiba, na Vance amekuwa makamu, anajulikana. Rubio anawasogeza Walatino, ambao 2024 walikuja kwetu kwa wingi kuliko nilivyowahi kuona. Na hawa wawili ni wa majimbo tofauti, Ohio na Florida, hawana ule mkwamo wa kikatiba wa mgombea na mwenza kutoka jimbo moja, ambapo wajumbe wa jimbo hilo hawawezi kuwapigia wote wawili.

Mchangiaji, Michigan

Assalaam alaykum. Mimi ni mtu wa Unguja, ninaishi karibu na Dearborn. Nitasema machache kwa sababu bado yananiuma.

Februari 2024, kwenye kura za mchujo za Democratic, zaidi ya watu 100,000 wa Michigan waliweka alama ya kutomchagua yeyote, kwa ajili ya Gaza. Lilikuwa onyo la miezi minane na zaidi kabla ya uchaguzi. Msikitini kwetu wazee waliokuwa wakipigia Democratic maisha yao yote waligawanyika: wengine Trump, wengine Jill Stein wa chama cha Green, wengine walibaki nyumbani. Trump akawa wa kwanza mji wa Dearborn. Biden aliishinda Michigan kwa kura kama 154,000, Trump akaichukua kwa 80,000 hivi.

Ninasikia majina ya Shapiro, Newsom wa California, Whitmer. Gretchen Whitmer ni gavana wetu na ni hodari. Lakini atakayekuja hapa, wa chama chochote, aje kuongea na wenye misiba, asiwatume wasaidizi.

Mwanzisha uzi, Houston

Nimesoma yote, ahsanteni. Dada wa Des Moines, shikamana hivyohivyo na watu wako. Sheikh wa Michigan, pole, na maneno yako nimeyachukua.

Kaka wa Atlanta, hoja ya bei haina mpinzani. Ila unasema Vance amekuwa makamu kana kwamba hiyo ni ngazi. Tangu Martin Van Buren mwaka 1836, makamu aliye madarakani aliyegombea urais na kushinda ni mmoja tu, George H. W. Bush mwaka 1988. Nixon 1960, Humphrey 1968, Gore 2000, Harris 2024, wote walianguka. Makamu anabeba rekodi ya bosi wake bila kuwa na mamlaka ya kuirekebisha. Kama bei zitakuwa zimetulia 2028, Vance na Rubio ni tiketi ngumu sana kuishinda. Zisipotulia, zile hasira za vituo vya malori zitawageukia wao.

Mimi ninakwenda na ndugu wa Maryland: Shapiro na Warnock, kwa sababu inashambulia Pennsylvania na Georgia kwa pamoja, lakini kwa sharti kwamba Michigan wasikilizwe mapema, maana Shapiro ndiye anayebeba mzigo mkubwa zaidi pale kwa msimamo wake wa kuiunga mkono Israeli. Hilo sioni namna ya kulikwepa, na atakayeona atuambie.

Bado hatujapata mtu wa Wisconsin wala Nevada. Mlioko Milwaukee, Madison na Las Vegas, hasa mnaofanya kazi za hoteli, leteni mliyoyaona 2024: watu walizungumza nini kazini wiki ya mwisho, na nani alikuja kuwagongea mlango?