Kikundi cha ukoo, Arusha: kona ya bao Siku ya Makumbusho

Mdogo: Shikamooni. Hapa makumbusho nilipo fildi (mafunzo kwa vitendo) nimepewa kupanga Siku ya Makumbusho, tarehe 18 Mei. Watoto 40 wa shule ya msingi, masaa mawili. Wanataka bao, shanga na mzee wa kusimulia Azimio la Arusha. Nianzie wapi?

Shangazi: Marahaba. Anzia shuleni, siyo kwenye meza. Barua kwa mwalimu mkuu wiki tatu kabla, saa ya kufika na ya kuondoka ziandikwe.

Mjomba: Gawa makundi manne ya kumi: bao, shanga, maonyesho, mzee. Dakika 25 kila kona, 5 za kuhama. Kuhama ni mara tatu, jumla 115, zinabaki tano za kuhesabu watoto getini.

Mjomba: Watoto kumi ni mabao matano. Kete 64 kila bao, kwa hiyo 320, ongeza 30 za kupotea. Kila bao na kopo lake, zihesabiwe kabla kundi halijahama.

Shangazi: Na usianze na namua, ile hatua ya kwanza ya kuingiza kete moja moja, dakika 25 zitaishia kwenye maelezo. Weka kete mbili kila shimo, mashimo 32, wacheze. Wazee wa bao watanuna, waache wanune 😂

Mdogo: Stoo kuna bao la zamani zuri sana. Niliombe?

Binamu: Hapana. Chenye namba ya usajili hakichezewi. Nunua ya sokoni. Hata mkufu wa zamani usiuinue kwa ncha moja, uzi umechoka na uzito wa shanga utaukata. Uweke kwenye trei, mikono miwili chini ya trei.

Binamu: Ngozi za zamani vaa glavu. Makumbusho mengi yalizipaka dawa ya wadudu yenye arseniki.

Mama Mkubwa: Shanga za watoto chukua zenye tundu kubwa. Uzi sm 40 kwa bangili. Sindano usiwape: chovya ncha ya uzi kwenye gundi ya mbao usiku wa kuamkia, ikikauka inapenya yenyewe. Sahani tandika kitambaa, zisibiringike.

Mjomba: Mei masika bado. Turubai lifungwe jana yake. Mvua ikizidi ingizeni bao na shanga, juisi na maandazi vibaki nje. Makombo yanaita mende na panya, yakiisha wanahamia kwenye ngozi na karatasi.

Mdogo: Na mzee?

Shangazi: Aliyekuwa na miaka 15 TANU ilipokaa kikao cha Azimio, Januari 1967, sasa kapita 70. Ukimwachia makundi yote manne, la mwisho litamkuta hoi. Tafuta wawili wapokezane. Nauli ya bajaji mkononi kabla hawajaondoka.

Binamu: Fomu ya kurekodi iwe na sahihi mbili: moja ya kurekodiwa, moja ya kurushwa mtandaoni. Wengine wanakubali ya kwanza tu.

Mdogo: Asanteni. Nani ana makopo matano yenye mifuniko?

Mama Mkubwa: Ya Blue Band ninayo manne. Pita kabla ya magharibi.