Naomba ushauri: usukani wa Land Rover 109 ya mzee unacheza sana

Habari zenu wakuu, na wakubwa shikamooni.

Ninafufua Land Rover Series III pikapu ya marehemu baba, ya mwaka 1978, injini ya dizeli. Gari hii ndiyo iliyobeba mahindi yaliyotusomesha, kwa hiyo kuiuza chuma chakavu sitaki hata kusikia. Injini inawaka vizuri, breki zimeshatengenezwa.

Shida ni usukani. Nauzungusha karibu sentimita 10 ndipo tairi zianze kugeuka, na kwenye barabara ya vumbi gari inatangatanga. Nimeshabadilisha tairodi endi zote (viungo vya ncha za fimbo za usukani) na kukaza skrubu ya kurekebisha boksi ya usukani. Pleyi (huko kucheza kwa usukani) ilipungua kidogo tu, na nikikaza zaidi usukani unakuwa mzito ukiwa katikati.

Mwenzangu akitikisa usukani nami nikiwa chini, naona shafti ya ile rilei (kiungo kinachopokea mzunguko kutoka boksi ya usukani na kuupeleka kwenye tairi) iliyosimama ndani ya chesisi, mbele ya rejeta, inayumba. Fundi anasita kuifungua kwa sababu springi ya ndani imebanwa kwa nguvu na inaweza kuruka ikamjeruhi mtu. Naona yuko sahihi.

Je, kwa uzoefu wenu, ni bora kubadilisha bushi za ndani au kununua rilei nzima? Na nikiinua ekseli kwa jeki, nitajuaje kama kingipini (pini ambazo gurudumu hugeukia) nazo zimelegea hadi zihitaji kupunguzwa shimu (vipande vyembamba vya chuma vya kurekebisha nafasi), au ni beringi za habu, yaani za kitovu cha gurudumu, tu?