Mrejesho: mswada wa kitabu cha picha uliokataliwa mara tatu

Miezi minne iliyopita niliwaomba ushauri kuhusu mswada wangu wa kitabu cha picha cha watoto wenye maneno 1,400, ambao wachapishaji watatu walikuwa wameukataa. Nawashukuru kwa dhati nyote mlionijibu.

Nilianza kwa kukunja karatasi na kutengeneza kijitabu cha kurasa 32, idadi iliyozoeleka kwa vitabu vya aina hii, kisha nikabandika maneno yangu ukurasa kwa ukurasa. Hapo ndipo nilipoona kwamba kurasa tano mfululizo zilijaa mazungumzo matupu, bila tendo lolote ambalo mchoraji angeweza kulichora. Sentensi kama “Kobe alichoka, miguu ikamuuma” nimeziondoa, kwa kuwa picha itayasema hayo, na sasa yamebaki maneno 560.

Aliyenishauri nimpe mtu mwingine awasomee watoto kwa sauti alinisaidia kuliko wote, kwani msomaji alijikwaa mahali ambapo mimi nisingejikwaa kamwe.

Kikundi chetu cha kusomeana miswada, kwa masikitiko, hakikudumu. Kati yetu wanne tumebaki wawili. Nimeacha pia kutafuta mchoraji, kwa kuwa mlinieleza kwamba kwa kawaida mchapishaji ndiye humteua. Mkataba bado sijapata, lakini mhariri mmoja ameniomba nirekebishe mwisho wa hadithi na kumtumia tena.