Shule imlazimishe mzazi kumsomea mtoto kila siku na kusaini? Mi nasema hapana, njooni tujadili

Mleta mada:
Wadau habari zenu. Naleta hili hapa maana limenikaa kooni wiki nzima. Shule anayosoma mwanangu wa miaka 6 imetoa kadi, kila siku mzazi asome na mtoto dakika 20 nyumbani, aandike jina la kitabu, apige saini, na mtoto ambaye kadi yake haina saini asubuhi anasimamishwa mbele ya wenzake. Wangu kasimamishwa mara 2. Mara zote 2 tulikuwa tumesoma vizuri tu ila saini ndo nilisahau, sasa kosa la mama analibeba mtoto.

Kusoma na mtoto sipingi hata kidogo, ndo saa ninayoipenda kuliko zote kwenye siku yangu. Ninachopinga ni kadi kugeuzwa fimbo, alafu na hii imani kwamba mtoto asiyejua kusoma basi kwao hawamsomei. Siyo kweli jamani. Marekani mwaka 1985 ilitoka ripoti kubwa ya kitaifa ikasema kumsomea mtoto kwa sauti ndo jambo muhimu kuliko yote katika kumjengea maarifa ya kuja kufaulu kusoma, na mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto wa hukohuko kikataka wazazi wahimizwe kuanza tangu mtoto mchanga. Sawa, ushauri mzuri. Lakini watafiti waliokusanya tafiti za miaka mingi wakaziweka pamoja, mwaka 1994 na tena 1995, walikuta kusomewa kabla ya shule kunaeleza kama asilimia 8 tu ya tofauti kati ya watoto kwenye lugha na kusoma. Asilimia 8 siyo sifuri, ni kitu, ila siyo ya kumsimamisha mtoto mbele za watu.

Na sababu yenyewe naiona kila usiku. Mwanangu akikuta picha ya punda anasema "punda" hata kama chini imeandikwa "mnyama". Nikifunika picha na kiganja ndo macho yanarudi kwenye herufi, anaanza m... mnya... anaganda, anaangalia mdomo wangu kama ntamsaidia, alafu anapata, mnya-ma. Ile sekunde ya kuganda ndo kusoma kwenyewe. Mi nikiwa nasoma mwenyewe kwa sauti nzuri na vituo vyote yeye yuko kwenye picha tu, na hata waliopima macho ya watoto wakati wanasomewa, utafiti wa mwaka 2005, walikuta hivohivo, macho karibu muda wote kwenye picha, maandishi wanayaangalia kwa nadra sana.

Mwalimu wa darasa la kwanza:
Mkuu mleta mada nimekusoma na nakuheshimu, ila naomba ukae kwenye kiti changu kidogo. Darasa la watoto 40, nikimsikiliza kila mmoja dakika 3 tu hayo ni masaa 2 yameenda, na bado sijafundisha kitu. Nani atamsikiliza kama siyo nyumbani? Kadi haikuanza kama fimbo, ilianza kwa sababu tulitoa vitabu vikarudi kama vilivotoka, kurasa bado zimegandana. Na mtoto aliyesomewa nyumbani mi namjua siku ya kwanza, ukimwambia neno analijua maana yake, ukimwuliza unadhani nini kitatokea anajibu, hakai anakutolea macho. Hiyo asilimia 8 yako inaniudhi kwa kweli maana mnaipunguza kazi ambayo mwalimu hawezi kuifidia.

Mleta mada:
Mwalimu hapo kwenye maneno niko na wewe asilimia mia. Kuna fomula ya wataalamu wawili Gough na Tunmer ya mwaka 1986, wanasema kusoma na kuelewa ni kujua kutamka maandishi MARA kuelewa lugha. Siyo jumlisha, ni mara, moja ikiwa sifuri jibu ni sifuri. Kiswahili chetu kinatudanganya hapa, manake herufi zake hazina ujanja, mtoto akishashika irabu na silabi anaweza kukusomea gazeti zima. Juzi kanisomea "mzee alighafilika" bila kujikwaa, namuuliza alighafilika ni nini, ananiambia alianguka. Angekuwa anasoma mbele yako kwa dakika zako 3 ungempa vema. Kwahiyo kusomewa kunajaza upande wa lugha, na kufundishwa herufi kunajaza upande wa pili, na huu wa pili kazi kubwa ni ya kwako mwalimu, usinipe mimi kwa njia ya kadi.

Mchangiaji (baba wa wawili):
Mi natoka kazini saa 4 usiku watoto wamelala, kadi inadhani kila nyumba ina mtu amekaa na kitabu saa moja jioni. Nikaanza kurekodi hadithi kwenye simu wanasikiliza wakiwa kitandani kwa sauti yangu. Nikaambiwa haihesabiki. Sasa nisaini uongo? Wenzangu wengi wanasaini kadi nzima Ijumaa kwa kalamu moja, na watoto wanaona.

Mleta mada:
Kaka usiache kurekodi, sauti yako kitandani ni kitu kikubwa kwa mtoto. Ila ukipata hata siku moja ya mapumziko kaa naye ana kwa ana, maana mwaka 1988 mtafiti Whitehurst na wenzake walichukua makundi mawili ya wazazi, wote wanawasomea watoto wao kwa kiasi kilekile, kundi moja wakafundishwa tu kuuliza maswali ya wazi na kumwacha mtoto aeleze, baada ya mwezi mmoja watoto wa kundi hilo wakawa mbele kwenye kuongea. Yaani dakika zilikuwa sawa, tofauti ni mtoto kupewa nafasi ya kusema. Kadi inahesabu dakika, haihesabu maswali.

Mchangiaji (dada mkubwa):
Naomba nami niseme. Mama yangu hajui kusoma hata jina lake. Kila jioni alikuwa ananiita, anakaa ananyoosha miguu ananiambia haya nisomee. Mimi namsomea yeye, siyo yeye mimi. Nikiruka ukurasa ili nimalize haraka nikacheze alikuwa ananidaka, anasema ngoja, huyu sungura alikuwa mtoni amefikaje juu ya mti? Rudi nyuma. Hakuwahi kujua neno gani nimekosea ila alijua pale hadithi haishikani. Ingekuwa kadi ya saini ningesimamishwa kila asubuhi ya Mungu, na mama angejua ni kwa ajili yake. Naandika hapa machozi yananilenga, msicheze na hii kitu.

Mleta mada:
Dada umenimaliza. Na mama yako alikuwa sahihi kuliko hiyo kadi. Pale London kwenye eneo la Haringey walifanya utafiti, matokeo yakatoka mwaka 1982, watoto walikuwa wanapeleka kitabu nyumbani wanamsomea mzazi mara kwa mara kwa miaka 2. Wengine wazazi wao Kiingereza hawakijui vizuri, wengine kusoma kwenyewe hawajui. Watoto wakapanda, wakawapita hata wale waliopewa mwalimu wa ziada darasani. Kazi ya nyumbani haikuwa kufundisha herufi, ilikuwa mtu akae asikilize basi. Ndo maana nasema hata hilo neno "mzazi asome" limekaa vibaya, mtoto asome na mtu asikilize, bibi, dada, jirani, yeyote mwenye subira.

Mwalimu wa darasa la kwanza:
Nimesoma habari ya mama yake dada nikaacha kusahihisha madaftari. Kusimamisha mtoto mbele, hilo nakubali ni kosa na ntalisema kwenye kikao, mtoto hana mamlaka na kalamu ya baba yake. Lakini saini bado siiachi, nitajuaje yupi hana mtu wa kumsikiliza? Ukiondoa kadi yule ambaye kwao hamna mtu kabisa anapotea katikati ya wale 40, na yeye ndo ninayemtafuta.

Mchangiaji (baba wa wawili):
Mwalimu lakini saini yangu ya Ijumaa haikwambii hilo pia. Mi na yule asiye na mtu kadi zetu zinafanana.

Mleta mada:
Hapo ndipo penyewe. Mwalimu nakuelewa unachotafuta na ni kitu cha haki kabisa, ila karatasi haitakuonesha. Mtoto atakuonesha. Asubuhi wakati wanaingia watoto 5 tu kwa siku, waulize kwa sauti ya chini, jana umemsomea nani, na kwenye hadithi ilikuaje? Ndani ya siku 8 umewamaliza wote 40. Aliyesoma huwezi kumnyamazisha, atakueleza mpaka kengele. Yule atakayeangalia chini, usimsimamishe mbele. Mkalishe pembeni yako, zile dakika 3 zako mpe yeye.