Msaada: benchi la useremala lenye vaisi (kifaa cha kubania kazi) ya kujitengenezea (niko Moshi)

Mti_Mkavu

Wakuu habari zenu. Nataka kuunda benchi la useremala nyumbani, hapa Pasua, urefu futi 6. Kazi yangu ni randa ya mkono, misumeno na patasi. Cha umeme ni drili tu. Nimeulizia paini na saiprasi, 2x4 (inchi) za futi 12. Naomba ushauri: uso niweke mbao za kulala au za kusimama? Kimo kiwe ngapi? Na vaisi ya fundi vyuma ya inchi 5 niliyonayo nikiifunga pembeni itafaa?

RandaKali

Zisimamishe. 2x4 iliyolala ukishaipiga randa inabaki sm 4 na ushee, ukigonga patasi inadunda. Zikisimama unapata unene wa kama sm 9, na uso peke yake una kilo 45 hadi 50. Uzito huo ndio unaozuia benchi kutembea.

Mahitaji: mbao 7 zikatwe katikati, unapata vipande 14, kila kimoja kikibaki sm 4.2, upana unakuja karibu sm 59. Mbao 2 za miguu, kila mguu vipande viwili vilivyogandishwa. Mbao 2 za vipingo vya chini na juu, yaani mbao zinazounganisha miguu. Ongeza moja, utaihitaji. Jumla 12.

Kimo: vaa viatu vya kazini, simama wima, legeza mkono, pima toka sakafuni hadi kwenye kifundo cha mkono. Wengi wanaangukia sm 80 hadi 88. Likizidi hapo utasukuma randa kwa mabega badala ya uzito wa mwili.

Paini au saiprasi yote sawa, kikubwa ukavu. Mbao nyingi huuzwa zingali mbichi. Zipange kivulini, weka vijiti vya unene mmoja kila sm 50, vya juu vinyooke na vya chini. Kata kipande kimoja, kipime kwenye mzani wa duka kila wiki. Kikiacha kupungua uzito, anza kazi. Ukiunga mbichi, uso utapasuka kwenye maungio au utajikunja, na gundi utaitukana bure.

Kabari

Naongezea kwenye gundi. Usipake vipande vyote 14 kwa mkupuo. Gundi nyeupe ya mbao haikupi zaidi ya dakika kumi hivi, na jua la Moshi linapunguza. Unga vinne vinne, kisha unganisha mafungu. Kabla ya gundi, elekeza nyuzi za mbao zote upande mmoja, la sivyo siku ya kusawazisha randa itateleza kipande hiki na kung'oa kinachofuata. Kama huna klempu ndefu, pigilia vipingili viwili kwenye ubao imara, laza kazi katikati, ubane kwa kabari mbili zinazopishana.

Miguu na vipingo: ulimi na tundu (ncha ya kipingo ichongwe iingie kwenye tundu la mguu), halafu bolti ya mm 12 yenye washa pana. Misumari peke yake hapana. Randa inasukuma na kurudi, matundu yanapanuka, na ndani ya miezi michache benchi linacheza.

Fundi_Sakina

Hiyo vaisi ya vyuma iache ibaki ya kunolea misumeno. Meno yake yanatafuna mbao, taya ni fupi, na inakaa juu ya uso kwa hiyo ubao mrefu hauegemei ukingo wa benchi. Tengeneza vaisi ya mguuni, yaani taya ndefu ya mbao inayobana kazi kwenye mguu wa benchi kwa skrubu kubwa.

Mguu wa mbele kushoto (kama unatumia mkono wa kulia) uongeze kipande cha tatu. Ndiyo kazi ya ule ubao wa ziada. Uso wa mguu huo na ukingo wa benchi viwe mstari mmoja kabisa. Ukingo ukijitokeza hata mm 3, ubao unaobanwa utapinda.

Taya: 2x8 ya mbao ngumu kavu, mninga au mkongo, urefu wa kutoka usawa wa uso hadi karibu na sakafu. Skrubu ipite sm 22 chini ya uso. Chini kabisa, sm 10 toka sakafuni, chomeka kwenye taya ubao wa mwongozo unaopenya mguuni, wenye matundu ya mm 10 safu mbili zinazopishana, na pini. Pini unaiweka kwenye tundu linalokaribiana na unene wa kazi. Watu wanaisahau hiyo pini, taya inalala chini, juu haibani kitu, wanalaumu skrubu.

Chonga taya ndani kidogo ili sehemu ya juu iguse kwanza, mm 2 zinatosha.

Mti_Mkavu

Shukrani sana wakuu. Skrubu je? Fimbo ya uzi ya M20 si inatosha?

Fundi_Sakina

Inabana, lakini inachosha. Uzi wa M20 unasogea mm 2.5 kwa mzunguko, kwa hiyo kufungua sm 10 ni mizunguko 40. Tena uzi wa pembetatu unalika haraka. Tafuta jeki ya jukwaa la ujenzi iliyochakaa, yenye chuma kigumu ndani na si bomba. Kata, nati yake ichomelewe kwenye bati la mm 6, ufunge nyuma ya mguu kwa skrubu nne. Mbele weka kola (pete ya chuma) ya kuivuta taya unapofungua. Ukitaka uzi wa mraba hasa, ulizia karakana yenye mashine ya kukereza, au SIDO, lile shirika la viwanda vidogo. Nati ipigwe grisi, ila taya isiguswe na grisi. Kwenye taya gandisha ngozi ya mkanda mkuukuu, upande wa kukwaruza ukitazama nje. Mpira wa tairi unaacha weusi kwenye mbao.

RandaKali

Mwisho usipake vanishi, kazi itateleza. Paka mafuta ya linsidi mara mbili, ufute yaliyobaki juu. Yale matambara usiyakunje ukayatupa pembeni: yanajipasha moto yenyewe na kuwaka. Yaloweke kwenye maji au yatandaze nje moja moja mpaka yakauke.